Kion Alikuwa Wapi? Maswali ya Watoto wa Meru na Embu Juu ya Katuni za Simba

Mwaka 1998 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya pili ya visa vya mfalme Simba. Ndani yake Simba na mkewe Nala wana mtoto mmoja tu anayeonekana, binti aitwaye Kiara, na hofu ya baba juu ya binti huyo ndiyo inayoendesha kisa chote. Ilipofika Novemba 2015, kampuni hiyohiyo ikaanza katuni ya mfululizo iitwayo The Lion Guard, na humo tukaambiwa kwamba Kiara ana mdogo wake wa kiume, jina lake Kion, ambaye akinguruma maadui hupeperuka kama makapi mbele ya upepo. Basi siku Zira alipokuja na wafuasi wake kuivamia milki ya Simba katika ile filamu ya 1998, huyu mwana mwenye mngurumo alikuwa wapi? Na kwa nini mamake mzazi hakulitaja jina lake hata mara moja?

Swali hili si letu. Tuliulizwa mjini Embu na msichana wa miaka tisa, katika likizo ya Desemba, tulipokwenda kuwatembelea jamaa zetu waliohamia bara, wengine Embu, wengine Meru. Sisi wa Pwani tuna ada isiyopendeza: tukisikia Meru tunawaza miraa, tukisikia Embu tunawaza muguka, hasa tangu mwaka 2024 kaunti zetu zilipotangaza kuipiga marufuku. Tunasahau kwamba huko kuna nyumba zilizojaa watoto wanaokwenda madrasa jioni, wanaochanganya Kiswahili, Kimeru, Kiembu na Kiingereza kwa pumzi moja, na wanaotazama katuni zilezile wanazotazama wenzao wa Mombasa na Malindi. Tofauti ni kwamba hawa wanaishi jirani na simba wa kweli. Kutoka mjini Meru hadi lango la Murera la Mbuga ya Taifa ya Meru, kwa njia ya Maua, ni safari ya asubuhi moja. Mtoto aliyepelekwa huko na shule yake haitazami katuni ya simba kwa macho ya mtoto wa Los Angeles.

Tukakaa nao, tukatazama nao, na maswali yao tukayaandika.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo mtoto anayejua Kiswahili anapoona shimo ambalo wenzake wa Marekani hawawezi kuliona. Mfalme ni simba na jina lake ni Simba; ni sawa na mtu kumwita mwanawe Mtu. Hilo watoto walilisamehe upesi. Lakini Zira ana mtoto wa kiume anayeitwa Nuka. Mvulana mmoja wa Meru alitaka kujua ni mama gani anayemtazama mtoto wake mchanga akaona jina linalomfaa ni kunuka. Ammi wa mfalme, ambaye kwa Kiingereza anaitwa Scar, katika filamu ya Desemba 2024 anatajwa kwa jina lake la utotoni, nalo ni Taka. Katika nyumba ambayo watoto wamekwisha fundishwa kwamba jina jema ni haki ya mtoto juu ya wazazi wake, na ambamo akika ya mtoto mchanga ilikuwa imefanywa wiki ileile, jambo hili lilizua mjadala mrefu kuliko tulivyotazamia. Mmoja akasema huenda ubaya wote wa Taka ulianzia hapo. Wazo hilo hatukulipuuza.

Kisha kuna Kovu. Katika filamu ya 1998 Scar amemchagua kijana aitwaye Kovu awe mrithi wake. Mwingereza akisikia majina hayo mawili anasikia watu wawili. Mswahili anasikia jina moja limetajwa mara mbili, kwa lugha mbili. Na ajabu zaidi, Kovu hana kovu. Analipata akiwa mkubwa, siku mamake anapompiga usoni kwa hasira. Jina lilitangulia jeraha kwa miaka. Ama lile kovu la Scar mwenyewe, asili yake inasimuliwa kwa namna moja katika The Lion Guard na kwa namna nyingine kabisa katika filamu ya 2024. Filamu hiyo ya 2024 inasema pia kwamba Mufasa alikuwa mtoto aliyepotea, akachukuliwa na maji, akalelewa na jamaa ya Taka. Kwa miaka 30 tulikuwa tumeambiwa ni ndugu. Mtoto aliyeikuta habari ya kwanza na ya pili katika wiki moja anauliza, kwa haki yake, iwapo Scar ni ammi yake Simba au si ammi yake.

Baada ya majina, wanyama. Watengenezaji wa filamu ya kwanza, ile ya 1994, walikuja Kenya mwaka 1991 na kuizuru Hell's Gate kule Naivasha, wakachora miamba na mbuga zetu kwa ustadi mkubwa. Hilo lazima tuwape. Lakini Rafiki, yule mzee mwenye uso wa rangi, ni nyani wa aina ya mandrili, ambaye kwao ni misitu ya Gabon na Kamerun. Timon ni jamaa ya nguchiro anayeishi majangwa ya kusini, Namibia na Botswana na Afrika Kusini, wala Kenya hayuko. Na mwanzoni kabisa mwa filamu, jua likichomoza, kuna chungu wanaopita juu ya tawi wamebeba vipande vya majani. Chungu wa namna hiyo, wakata majani, wako Amerika peke yake. Mtoto wa Nkubu, ambaye siafu wamewahi kumtoa kitandani usiku, ndiye aliyewatilia shaka chungu hao kwa mara ya kwanza. Hakujua habari za Amerika. Alisema tu kwamba chungu wa kwao hawafanyi hivyo.

Tukafika kwenye chakula, na hapa mambo yakanoga.

Simba anakimbia nyumbani akiwa mtoto, anakutana na Timon na Pumbaa, wanamfundisha kula wadudu, naye anakua mpaka anakuwa dume kubwa lenye manyoya tele shingoni. Simba dume aliyekomaa huweza kupita kilo 180, naye huhitaji takriban kilo 7 za nyama kwa siku, akipiga wastani wa siku za shibe na siku za njaa. Watoto wa Embu walichukua kalamu. Walimchagua kumbikumbi, kwa sababu ndiye mdudu wanayemjua ladha yake, wakajaribu kukadiria ni wangapi wanaotimiza kilo moja, kisha wakazidisha kwa 7, kisha kwa siku za mwaka. Karatasi iliwaishia. Mkubwa wao akakata shauri kwamba ama Simba alikuwa akitoroka usiku kwenda kuwinda bila kumwambia Pumbaa, ambaye ni ngiri, ama hao wadudu walikuwa wakubwa kama kuku.

Kisha ukame. Scar anapotawala pamoja na fisi, nchi inakauka na nyasi zinakufa, na makundi ya wanyama yanatoweka. Mtoto wa mfugaji hawezi kukubali. Wala nyasi wakipungua, nyasi huongezeka. Babu yake mmoja wa watoto hao ana shamba upande wa Mbeere, sehemu kavu ya Kaunti ya Embu, na mjukuu anajua vizuri kwamba mbuzi wakiondolewa mahali kwa msimu mmoja kichaka hurudi. Mvua nayo, ambayo ilikuwa imekataa miaka yote hiyo, inanyesha usiku uleule Scar anapouawa.

Lakini shimo kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, ni safari ya Nala. Nala anatoka kwenye nchi ya njaa, anatembea kutafuta chakula, anafika kwenye msitu wenye maji na majani na wanyama wanono. Huko anamkuta Simba. Sasa, ikiwa simba jike mmoja aliweza kuufikia msitu huo kwa miguu yake, kwa nini majike wote hawakuhamia huko? Wana njaa, watawala wao ni wadhalimu, na shibe haiko mbali. Wanyama wa mbuga huhama kwa sababu ndogo kuliko hizo. Na binadamu pia. Jamaa zetu waliotukaribisha Meru na Embu wako huko kwa sababu mzee mmoja zamani aliona biashara bara ina nafuu, akafunga mizigo.

Juu ya Nala kuna swali jingine, ambalo mama mmoja alilikimbia kwa kwenda kuangalia chungu jikoni. Babake Nala ni nani? Katika filamu ya 1994 hatajwi. Katika kundi la simba wa kweli watoto huwa ni wa madume wanaolitawala kundi, na katika kundi lile tunaonyeshwa madume wawili tu wazima, Mufasa na Scar. Wazazi wenzetu wanaojua hesabu ya maharimu wataona mara moja kwa nini mama huyo alikumbuka chungu.

Tulicheka sana. Lakini si sote tuliocheka.

Mama mmoja wa Embu alitueleza habari ya mwanawe wa miaka kumi. Mtoto huyo alikuwa muulizaji tangu alipoanza kusema. Kila katuni, kila kisa cha kitandani, alikuwa na “mbona” zake. Na kila alipouliza, mamake, ambaye anaamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa mahamri ya kuuza, alimjibu neno moja: nyamaza, hiyo ni katuni tu. Mtoto akanyamaza. Mamake akaona amepata utulivu. Mwaka uliofuata simu ya mama ikalia akiwa msalani, mtoto akaipokea. Sauti ya mtu mzima, ya upole, ikamwambia mamake ameshinda zawadi, na kwamba inatakiwa namba ya siri ili zawadi iingie. Mtoto aliijua namba, akaitaja. Karo ya muhula mzima ikaondoka kabla mama hajatoka kutawadha. Alipomuuliza mwanawe kwa nini hakushangaa kwamba mtu anayetoa zawadi anahitaji namba ya siri ya anayepewa, mtoto alisema, “Nilishangaa, Mama. Nikanyamaza.”

Hakumpiga. Alituambia alikaa juu ya kigoda, akahesabu ni mara ngapi yeye mwenyewe amemfundisha mwanawe kwamba kushangaa ni usumbufu.

Hapo tuliyatazama upya maswali tuliyoyaandika. Mtoto anayeona kwamba Kion hakuwapo anafanya kazi ileile ambayo angetakiwa kuifanya wakati ile simu ilipolia. Analiweka jambo aliloambiwa leo karibu na jambo aliloambiwa jana, anaona hayaingiliani, anataka kujua kwa nini. Katuni ni mahali salama pa kuizoelea kazi hiyo, kwa kuwa akikosea hapana karo inayopotea.

Si kwamba hadithi zetu hazina mapengo. Zinayo tele, na wala wakubwa wetu hawakuyaficha. Hadithi ya Pwani hutanguliwa na uongo kuitwa uje, kisha ndipo ianze. Sungura anafanya mkataba na fisi, kobe anamshinda mbio mwenye miguu mirefu, na hapana anayedai ithibati. Tofauti ni kwamba bibi anayesimulia yupo. Mtoto akiuliza, bibi anaweza kumjibu, au kumrudishia swali, au kumfinya sikio na kumwambia angoje. Kioo cha simu hakisikii. Kikiulizwa kinaendelea.

Mjini Meru tulibahatika kumsikia bi mkubwa mmoja akisimulia hadithi ya asili ya Wameru, naye tunaamini aliisimulia usiku huo kwa ajili yetu wageni. Zamani, wazee wa Kimeru wanasema, wahenga wao waliishi kisiwani Mbwaa, chini ya watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Jeffrey Fadiman, mwanahistoria aliyekusanya masimulizi ya wazee hao, amekihusisha kisiwa hicho na Manda, kule Lamu. Kwa hiyo hadithi hii inatuhusu, japo si kwa sifa. Mabwana hao wakawatwisha wahenga masharti yasiyowezekana. Leteni kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Leteni mbwa mwenye pembe. Leteni mkuki unaofika mbinguni.

Bi mkubwa akakoma. Akawatazama watoto. Kwake yeye, pengo ndilo mahali pa msikilizaji kuingia. Mmoja akasema mbwa abandikwe pembe za paa kwa nta ya nyuki. Mwingine akapendekeza vipande viwili vya ngozi vishonwe mgongo kwa mgongo. Juu ya mkuki walishindwa, bi mkubwa akasema hata wahenga mkuki ndio uliowakimbiza. Usiku wakaondoka wakiongozwa na Koomenjwe, wakafika majini, na maji yakawapisha. Watoto wa madrasa wakamkumbuka Nabii Musa mara moja, wakataka kujua ilikuwaje huku. Ndipo binti yetu wa Lamu, tuliyekwenda naye, ambaye siku nzima alikuwa kimya kwa haya ya ugeni, akauliza kama ilikuwa wakati wa maji kupwa. Wenzake hawakujua maji kupwa ni nini. Akawaeleza kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu, na jinsi kwao mahali palipopita jahazi asubuhi watu hupita jioni wakiokota kombe. Bi mkubwa alimsogeza karibu yake. Alisema hadithi hii ameisimulia maisha yake yote, na bahari hajaiona.

Turudi kwa Kion, kwa kuwa tuliahidi jibu. Watengenezaji nao walilisikia swali. Katika msimu wa mwisho wa katuni hiyo, uliomalizika Novemba 2019, Kion anaumwa na nyoka, anapata kovu lenye sumu, anakwenda na wenzake safari ndefu hadi kwenye Mti wa Uzima kutafuta dawa. Wanaporudi wanakuta vita vimekwisha na Kovu ameshakubaliwa na Kiara. Yaani mambo ya ile filamu ya 1998 yalitokea Kion akiwa safarini. Ni kiraka kizuri, kimeshonwa kwa uangalifu. Msichana wetu wa Embu alikisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, kisha akasema kwamba mtoto aliye safarini mgonjwa ndiye anayetajwa zaidi nyumbani, wala hapunguki kutajwa. Dadake yuko Qatar kikazi. Mama yao humtaja kila wanapoketi kula.

Jambo la mwisho lilitupata mbugani. Katika Mbuga ya Meru, karibu na mto Ura, liko kaburi la simba jike aitwaye Elsa. (Watoto wadogo walidhani ni yule binti wa barafu, ikabidi tuwatenganishe.) Mwaka 1956 George Adamson, ofisa wa wanyamapori, alimuua simba aliyemshambulia, akakuta ana watoto watatu. Wawili wakapelekwa Rotterdam. Wa tatu, Elsa, alilelewa na Adamson na mkewe Joy, kisha akafunzwa kuwinda na kuachiliwa huru katika nchi ya Meru. Joy aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1960, na filamu yake ikatoka 1966. Filamu hiyo inaishia kwa furaha: Elsa anarudi kambini na watoto wake watatu kuwaonyesha waliomlea, kisha wote wanarejea porini.

Watoto walikuwa wameitazama usiku wa kuamkia safari. Sasa wamesimama juu ya kaburi, na tarehe iliyoko ni ya Januari 1961, miaka mitano kabla ya filamu. Walikuwa wameonyeshwa Elsa mzima, katika filamu iliyotengenezwa akiwa ameshakufa. Mvulana wa Nkubu alitutazama kama watu waliomficha jambo, akauliza wale watoto watatu walikwenda wapi. Tukamweleza yanayojulikana: kwamba baada ya mama yao kufa kwa maradhi ya kupe, walianza kukamata mifugo ya wanavijiji walio jirani, watu wakakasirika, na mwaka huohuo wa 1961 Adamson na mkewe wakawanasa na kuwapeleka Serengeti.

Alifikiri kwa muda. Kisha akauliza, “Na mwenye mbuzi, katika filamu, yuko wapi?”

Babake, ambaye ana mbuzi wanne nyuma ya nyumba, aliacha kumenya chungwa, akamtaka mwanawe alirudie swali lake.